Barua ya Metroni Nyanchama

Ukikutana na mwanamume wa Ekerenyo mwenye miaka thelathini na kitu, muulize ni nani aliyemfundisha kuandika barua ya kuomba msamaha. Hatakutajia mwalimu wa Kiswahili. Atakutajia Celestine Nyanchama, metroni wa bweni la wavulana katika shule moja ya upande ule, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekaa hapo miaka kumi na sita. Kijana akishikwa ameruka ua, au ameficha simu ndani ya godoro, Nyanchama alimkalisha kitako, akampa karatasi na kumsomea maneno ya kuandika: "Nakiri kosa langu bila kushurutishwa na mtu. Nimemkosea Mungu, walimu na wazazi wangu. Sitarudia." Mwalimu mkuu aliisoma, akakohoa, mzazi akaitwa, kijana akafyeka nyasi wiki mbili, basi. Hakuna barua yake iliyowahi kukataliwa, na hilo Nyanchama alilitangaza kila alipopata msikilizaji, maana kujishusha hakukuwa kipaji chake.

Kisha akapata kazi ya hosteli katika chuo kimoja pembeni mwa mji wa Kisii. Kazi ni ile ile, alijiambia: vitanda, funguo, kelele. Siku ya kuajiriwa alipewa karatasi za kanuni atie sahihi. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba dawa za kulevya zikipatikana chumbani, metroni asiguse kitu, asimhoji mwanafunzi, apige simu ofisini. Nyanchama alitia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko wake mzuri. Kusoma hakusoma.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, yeye na mlinzi Thadeus walikuwa wakikagua vyumba. Chumba cha kumi na nne kilikuwa cha vijana wawili, Ronny na Haron Onyancha. Ronny alikuwa ameondoka tangu Alhamisi. Haron, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mambo ya umeme, alikuwepo, anapiga pasi shati la kanisani. Huyu Nyanchama alimpenda. Alikuwa kijana wa Ikonge, mtoto pekee wa Persis, mjane anayechuma majanichai, na alimsalimia metroni kwa adabu hata akiwa na haraka. Thadeus alipovuta kabati wanalotumia wote wawili, nyuma yake palikuwa na misokoto minne ya bangi na nyingine imefungwa kwenye gazeti.

Thadeus alitoka nje na simu yake. Nyanchama alimshika Haron mkono, akampeleka kwenye ofisi yake ndogo na kufunga mlango.

"Si yangu, mama," Haron alisema. "Haki ya Mungu. Hata sijui ilifika hapo aje."

"Ni ya nani?"

Haron alinyamaza. Alijua, na Nyanchama aliona kwamba anajua. Lakini Ronny alikuwa amemlisha muhula mzima majanichai yalipokuwa mabaya nyumbani, na jina lake halikumtoka mdomoni.

"Basi sikiza, mwanangu. Ukianza kukana, hao wakubwa wataona una kiburi. Andika ni yako, uombe msamaha. Mama yako ataitwa, utafyeka nyasi, itaisha. Hii kazi nimeifanya tangu ukivaa nepi."

"Na nikisema tu ukweli?"

"Ukweli utausema baadaye wakishapoa. Andika."

Haron akaandika. Maneno yalikuwa ya Nyanchama yote, mpaka koma. Wino haujakauka vizuri, gari la polisi liliingia langoni, kwa sababu Thadeus, mtu ambaye Nyanchama alimwona mzito wa akili, alikuwa amesoma ukurasa wa tatu na kupiga simu ofisini, nayo ofisi ikaita polisi. Kijana akapandishwa gari na shati lake la kanisani likabaki juu ya kitanda. Nyanchama, kwa moyo safi kabisa, akaikimbiza ile barua kwa mkuu wa wanafunzi. Aliamini anapeleka dawa.

Haron alilala rumande mpaka Jumatatu. Mahakamani alisomewa shtaka la kupatikana na bangi, akakana, akaachiliwa kwa dhamana. Siku hiyo hiyo chuo kikamsimamisha masomo. Kesi iliahirishwa mara tano. Miezi minane Haron alichuma majanichai na mama yake huko Ikonge, wenzake wakiingia mwaka wa tatu. Ronny hakurudi chuoni, na simu yake haikupatikana tena.

Mwezi wa Januari hakimu alitoa uamuzi. Chumba ni cha watu wawili, alisema, na upande wa mashtaka haujaonyesha bangi ilikuwa ya nani kati yao. Ile barua hakuipokea hata kidogo: mtu hakiri kosa la jinai kwa kumwandikia mkuu wa wanafunzi, sheria ina utaratibu wake. Haron akaachiliwa huru. Persis alipiga magoti palepale kwenye baraza la mahakama. Nyanchama, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini aje kusikiliza, alilia kwa furaha, akajiona amepona.

Alikuwa amesahau kwamba chuo si mahakama. Wiki iliyofuata kamati ya nidhamu ilikaa, watu watano na chupa zao za maji, na mwenyekiti akaisoma barua ile kwa sauti. Alipofika "bila kushurutishwa na mtu," aliinua macho.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, bwana."

"Kuna mtu alikulazimisha kuandika?"

Haron alimtazama Nyanchama, aliyeketi karibu na mlango kama shahidi, kisha akatazama meza. Kwao mtoto aliyelelewa vizuri hamsimamishi mtu wa umri wa mama yake mbele ya wageni na kumnyooshea kidole. "Hapana," alisema.

"Metroni, ulikuwepo. Kijana alilazimishwa?"

Mkataba wa Nyanchama ulikuwa unaisha Februari. Chumba alichokaa kilikuwa cha chuo. Na lile neno, kulazimisha, alilipima haraka haraka kichwani akaona halimhusu: hakumpiga kijana, hakumtishia.

"Hapana, mheshimiwa," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake haikufika ukutani.

Wakamfukuza Haron chuoni. Akapewa siku kumi na nne za kukata rufaa.

Siku ya tatu Persis alibisha mlangoni kwa Nyanchama, Haron nyuma yake. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi mbivu, mzuri, wa kupelekewa mtu unayemheshimu.

"Mbuya mono, metroni, asante sana," alisema Persis. "Nimekuja kukushukuru. Kila mtu amemkimbia huyu mtoto, wewe tu ulikuja kotini. Sasa tusaidie na hii rufaa. Nasikia barua zako hazikataliwi."

Nyanchama aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Alichukua ndizi kwa mikono miwili, akaziweka chini, akaleta karatasi na kalamu, akamwekea Haron mezani. Hakujua la kufanya ila lile alilozoea kulifanya.

"Andika," alisema. "Mimi Haron Onyancha, kwa unyenyekevu mkubwa..."

Haron hakushika kalamu. "Mama, usikasirike," alisema polepole. "Ile ya kwanza ilikuwa yako. Hii niache niandike yangu."

Persis aligeuka. "Ya kwanza ilikuwa yake aje?"

Haron akanyamaza tena, kama alivyonyamaza kwa ajili ya Ronny, na Nyanchama akaelewa kwamba kijana huyu atanyamaza hivyo mpaka uzeeni, akiwabeba watu waliomzidi umri na nguvu. Hapa hapakuwa na mwenyekiti wala mkataba. Palikuwa na mwanamke mwenye vidole vyeusi vya utomvu wa chai, akimngoja ajibu.

"Nilimwambia mimi aandike, Mama Haron. Aliniambia si yake, na nilimwamini. Nikamwambia aseme ni yake, kwa sababu huko nilikotoka ndivyo mambo yalivyoisha. Maneno yote ni yangu. Juzi wakaniuliza kama alilazimishwa, nikasema hapana."

Persis hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliitoa karatasi mbele ya mwanawe, akaisukuma mpaka upande wa pili wa meza, na kalamu akaiweka juu yake.

"Basi andika wewe," alisema. "Anza na jina lako."