Nilichomficha Tabibu wa Fukayosi

Mama yangu alifika mahali pa kuuogopa mguu wake mwenyewe. Kidonda kwenye kidole gumba kiligoma kufunga, na kila asubuhi alinyoosha mguu juu ya mkeka, akafumba macho, akaniambia nimwangalizie mimi. Ana ugonjwa wa sukari miaka mingi, anameza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni, na jirani yetu mmoja alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo hivyo. "Mimi nitazikwa na miguu yangu miwili," alisema. Nilimwambia asiseme mambo ya kuzikwa, kisha nikaenda zangu uani.

Alitaka dawa ya miti shamba, nami sikumkatalia. Kwao Mlingotini wametibiana kwa mizizi tangu zamani, na mimi mwenyewe nimekua kwa kufukizwa na kunyweshwa machungu. Shida ilikuwa nani wa kumwamini. Kundi la WhatsApp la ukoo lilifurika ushauri. Shangazi alituma sauti ya mtu aliyejiita daktari, akisema majani fulani yachemshwe, mgonjwa anywe kutwa mara tatu. Binamu akatuma sauti ya mtu mwingine, majani yale yale, akisema mwenye sukari asiyaguse kabisa. Nilipouliza yupi mkweli, nikajibiwa kwa vikaragosi vya mikono inayoomba dua. Nilizima simu kwa hasira. Baada ya dakika tano nikaiwasha tena, maana wasiwasi hauna heshima.

Pale Kerege nilisimama kwenye kibanda chenye bango kubwa: sukari, presha, bawasiri, nguvu za kiume, mvuto wa biashara, kumrudisha mpenzi. Dawa za yote hayo zilikuwa za rangi moja, kwenye chupa za aina moja. Nikamuuliza muuzaji ndani mna nini. Akasema ni siri ya babu yake. Nikamuuliza babu mwenyewe yuko wapi. Akaniambia niende salama.

Mimi si mtu wa kudanganywa kwa karatasi, hilo niseme wazi. Nina duka la steshenari mjini Bagamoyo; natoa kopi, nachapa barua, naweka vyeti kwenye plastiki. Nimeshaletewa vyeti ambavyo wino wa muhuri ulikuwa bado unachafua vidole. Kwa hiyo nilikwenda ofisi ya afya, nikaomba kutajiwa watoa tiba asili waliosajiliwa. Ofisa alinitazama kama niliyeomba kitu cha ajabu, akapekua faili, akaniandikia namba ya usajili ya mwanamke mmoja wa Fukayosi.

Tukiwa njiani kwenda kwake, kwenye gari la kuazima, mama alinigusa bega. "Ukifika, baba, usimtajie vidonge. Utamvunjia heshima."

Kwetu hiyo ni adabu ya kawaida. Mbele ya mganga huitaji hospitali, ataona umekuja kumjaribu, na dawa iliyotolewa na mtu aliyenuna haishiki. Hospitalini nako humtaji mganga, usije ukagombezwa mbele ya watu. Nimelisikia hilo tangu nikiwa mdogo, na sikumbuki hata siku moja niliyolifikiria. Nilimwitikia tu, macho yangu barabarani.

Tabibu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Mizizi yake ilikaa kwenye makopo yaliyoandikwa majina na tarehe ya kuchimbwa. Tulipomaliza kusalimiana nikaomba kuona cheti. Nikakishika, nikakigeuza, nikapitisha kidole juu ya muhuri, nikalinganisha namba na ile niliyoandikiwa. Nilikuwa najiona mjanja kweli kweli. Yeye alicheka tu.

"Angalia vizuri, kaka. Wengi hawaangalii."

Kisha akafungua daftari akaanza zamu yake. Mama anakula nini, anakojoa mara ngapi usiku, macho yanaona, miguu inakufa ganzi. Mama alijibu yote vizuri. Ndipo tabibu akauliza, "Na dawa za hospitali, anatumia?"

Mama akanitazama.

"Alikuwa anatumia," nikasema. "Ameacha."

"Ameacha kabisa? Nauliza kwa sababu hii nitakayompa inashusha sukari. Zikikutana mbili zitamshusha mno."

Hapo palikuwa pa kusema kweli. Nilipaona. Lakini mama alikuwa ananikodolea, na uongo nilikuwa nimeshautoa, na nilikuwa nimetoka kumkagua yule tabibu kama askari. Ningeanzaje kumwambia kwamba mimi ndiye muongo?

"Kabisa," nikasema. Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika.

Nilijiambia tukifika nyumbani vidonge nitavificha. Mama akaja juu. "Unifichie dawa nife?" Akawa anakunywa unga wa mizizi kwenye uji, na vidonge anameza. Nami nikawa namchungulia kila saa, nikamuuliza unaonaje, mpaka akaniambia nimwondokee niende dukani. Nilipaswa kupiga simu Fukayosi. Namba nilikuwa nayo. Niliona aibu, basi, na aibu hiyo niliiita subira.

Siku ya nne, baada ya swala ya alfajiri, nilimkuta kwenye mswala ameloa jasho, akiniita kwa jina la marehemu baba. Nilimuuliza mimi nani, akatabasamu tu. Nikamtia sukari mdomoni kwa vidole vyangu, nyingine ikamwagika sakafuni, nikapiga kelele majirani waje. Sijawahi kuogopa vile. Njia nzima kwenda hospitali nilikuwa nasoma dua na kukosea.

Walimwekea dripu, akarudi taratibu, akaanza kulalamika kwamba kitanda ni kigumu. Kidonda walikisafisha na kukifunga upya. Hawakusema chochote kuhusu kukata, na sisi hatukuthubutu kuuliza. Kisha daktari, binti mdogo tu, akasimama na faili.

"Bibi, umetumia dawa yoyote ya kienyeji?"

"Sijatumia, mwanangu," mama akajibu haraka, na chini ya shuka akaniminya mkono.

Daktari akainamia faili aandike.

"Ametumia," nikasema. "Ya mizizi, siku nne, pamoja na vidonge."

Mama akauchomoa mkono wake. Daktari akashusha pumzi, akatikisa kichwa. "Hawa waganga wenu! Wanagawa tu midawa, mgonjwa hata hawamuulizi anatumia nini."

Ningeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata mtu wa kuibeba, yuko Fukayosi, hasikii. Mama alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba, kama siku ile.

"Huyu aliuliza," nikasema. "Aliuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia ameacha."