Kuku wa Dani na Kengele ya Portsmouth

Juzi sokoni Homa Bay nilikuwa nachambua mitumba, natafuta sweta ya mtoto, mara mkono ukavuta jezi ya buluu yenye mwezi na nyota kifuani. Nikaganda. Muuzaji akaniuliza kama ninanunua au ninamzibia wateja. Nilinunua, ndugu yangu, ingawa hainitoshi hata mkono mmoja.

Jezi hiyo ni ya Portsmouth. Nimelelewa Mbita na nyanya yangu, tuliyemwita Dani, na mji huo wa Waingereza niliujua kabla sijaijua Nairobi. Shangazi yangu, kitinda mimba wa Dani, alikuwa muuguzi kule. Barua zake nilizisoma kwa sauti mpaka zikachanika kwenye mikunjo: kwamba mji umekaa kisiwani na unauingia kwa daraja, kwamba feri zinakwenda kisiwa kingine, kwamba jirani zao wa Southampton wana timu ya mistari myekundu na myeupe, na ole wako uisifu, hata wodini. Dani alisikiliza akicheka, akaamua kwamba mwanawe hakwenda mbali, alihamia tu Rusinga nyingine, kama kile kisiwa cha jirani yetu, ila yenye baridi. Aliupenda mji ule kana kwamba ameujenga yeye.

Sasa elewa shida yetu. Sisi ni Waadventista, na Dani alikuwa Mwadventista wa kweli kweli. Ijumaa tulichota maji, tukapasua kuni, tukapika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe pamoja, ya kutosha siku mbili. Jua likizama, redio ilifunikwa kitambaa mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Na Waingereza, sijui nani aliwaroga, mpira wanaucheza Jumamosi! Majira yao ya baridi mechi ilianza saa kumi na mbili jioni ya kwetu, na jua la Mbita huzama karibu saa moja kasorobo. Kwa hiyo timu yetu ilipobahatika kutangazwa, sisi tulianzia mapumziko. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Mungu.

Siku za mawingu Dani alitazama kuku. Wakishaingia bandani wote, alifunga Sabato kwa wimbo na sala.

Basi shangazi akaandika kwamba mgonjwa mmoja amempa tiketi. Jumamosi fulani ataingia uwanjani kwa mara ya kwanza, akae karibu na ile kengele ambayo mashabiki huigonga mchezo mzima. Dani alikuwa hajamwona kwa miaka sita. Akatangazia kanisa zima kwamba atamsikia mwanawe redioni.

Jumamosi hiyo mawingu yakaziba ziwa lote. Nikajiuliza, kwa nini tukose nusu nzima na mtu wetu yuko ndani? Karibu saa kumi na mbili niliwarushia kuku mahindi ndani ya banda, nikaegesha kijiti mlangoni. Dani akachungulia, akaona uani hakuna kuku, akashangaa jinsi siku ilivyokimbia. Tukaimba, tukasali, kitambaa kikatoka.

Kelele za watu zikajaa nyumba. Kisha kengele: ngo, ngo, ngo. Dani akaweka kiganja juu ya redio kama anayempima mtoto homa.

"Yuko hapo," akasema, machozi yakamtoka.

Haikupita muda mawingu yakapasuka. Jua zima lilikuwa bado juu ya kilima cha Rusinga. Na wale kuku wapumbavu wakasukuma kijiti wakatoka, jogoo mbele. Dani akawatazama, akanitazama mimi, akazima redio.

"Kuku hawana Sabato," alisema. "Wewe unayo."

Hakunichapa. Alipiga magoti akatubu, nami kando yake, tukangoja mpaka jua likazama kweli. Nikamsihi aiwashe, maana kipindi cha pili kilikuwa halali yake. Akakataa. Alisema ameshapewa sehemu yake, tena kabla ya wakati. Nililia sana, naye akanipakulia nyoyo.

Wiki iliyofuata shangazi alipiga simu kwa jirani mwenye duka. Akauliza kama walisikika redioni. Nilisimama pale nikingoja kushtakiwa.

"Nilikusikia," Dani alimjibu, akageukia habari za mvua. Kosa langu hakulitaja mpaka alipofariki.

Banda lile lilioza zamani, na barua siku hizi hakuna. Timu ile imeshuka, ikapanda, ikashuka tena, na watu wa mji ule hawajaiacha siku moja, nawavulia kofia. Simu yangu inaweza kunionyesha mechi nzima saa yoyote nitakayo. Jumamosi iliyopita niliiweka juu ya ile jezi, nikangoja jua lizame lote. Nilipoiwasha ilikuwa mapumziko. Nikasikiliza kengele mpaka mwisho, na kipindi cha kwanza sikukirudia.