Nyoka wa Mwanangu Ananiuma, na Mwanangu Hajui

Admini, ficha jina langu. Nina miaka hamsini na minne, mke wangu alifariki, naishi Woodley, Nairobi, peke yangu. Nina kiduka cha uchapishaji River Road: kadi za harusi, vitabu vya risiti, programu za mazishi. Wanaonijua wananijua kwa mdomo. Nimebishana na wachungaji, wanasiasa na wenye nyumba, na mara nyingi nimeshinda. Kwa hivyo kabla hamjaanza kuniandikia habari za mapepo na mafuta ya upako, nyamazeni kwanza. Sikuja kuombewa. Nyoka ninayemzungumzia ni mnyama tu, ana njaa na ana woga.

Ni chatu mdogo wa kahawia, hana sumu. Ni wa mwanangu wa pekee, kijana wa miaka ishirini na sita, ambaye alimwita Shosho, yaani bibi, kwa sababu hana haraka na maisha. Kibali cha kumfuga anacho. Mwaka jana aliacha masomo ya sheria ukiwa umebaki muhula mmoja, akaniambia amepata kazi pwani, mahali wanapokamua sumu ya nyoka ili itengenezewe dawa. Baba mwingine angeketi na mwanawe wakazungumza. Mimi niliandika. Niliandika waraka mrefu nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima. Nilimwita mpumbavu aliyetupa joho la wakili akachukua ndoo ya nyoka. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu nikijipongeza. Shangazi zake walicheka, na mmoja akatuma picha ya nyoka aliyevaa wigi ya jaji.

Mwanangu hakujibu kundini. Alikuja sebuleni na begi mgongoni.

"Baba, huko nitalala chumba kimoja na watu watatu. Shosho hawezi kuja. Namwacha hapa kwa sababu sina pengine, si kwa ajili yako. Akikuuma niambie, nitatuma mtu amchukue."

Tangu hapo hupiga simu kila Jumapili saa kumi.

"Shosho amekula?"

"Amekula."

"Amejivua gamba?"

"Vizuri kabisa."

"Haya."

Simu inakatika. Haulizi kama mimi nimekula. Lakini sauti yake nimeisikia, na wiki yangu nzima huelekea kwenye dakika hiyo moja.

Shosho alianza kuniuma wiki ya kwanza. Panya waliogandishwa wamo kwenye friji, ndani ya mkebe wa aiskrimu. Nilimyeyusha mmoja, nikamshika mkia kwa vidole, nikamning'iniza. Shosho alimkosa panya akanasa kidole gumba changu. Kulikuwa na koleo refu la kumlishia, mwanangu aliliacha juu ya kasha la kioo analoishi Shosho. Mimi nilidhani ni la kugeuzia nyama choma, na kwa miezi miwili niligeuzia nyama.

Dukani mteja aliniuliza, "Mzee, hiyo mkono imefanyaje?"

"Ni mashine ya kukata karatasi."

"Hiyo mashine yako iko na meno?"

Wateja wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Baadaye Shosho akawa ananiuma hata ninapomtoa tu ili nisafishe kasha. Nimesoma sana juu ya jambo hili, na sasa naelewa. Nilikuwa nikifungua kasha lile kwa sababu moja tu, chakula, basi kila mkono ulioingia kwake ulikuwa panya. Mwanangu alikuwa akimgusa kwanza kwa fimbo iliyopinda, polepole, ajue kwamba leo anashikwa tu. Nilimwona akifanya hivyo miaka mitatu na sikumuuliza hata siku moja kwa nini. Mlango wa chumba chake pia niliufungua kwa sababu moja tu: kugombana.

Mwezi uliopita Shosho aliniuma kwenye kiganja. Badala ya kutulia hadi aachie, niliuvuta mkono kwa nguvu. Jino lake likang'oka, likabaki ndani ya nyama yangu. Nesi wa kliniki moja karibu na Adams Arcade alilitoa, akauliza, "Baba, hii ni mbwa gani?" Nikasema ni wa jirani.

Mkono wangu umepona. Shosho hajapona. Mdomo wake umevimba upande mmoja, unatoa ute wa manjano, na hajala kwa wiki tano. Daktari wa mifugo niliyempelekea alikataa hata kufungua mfuko. Watu ninaowajua wanaoweza kumtibu ni mwanangu na wenzake. Na kila Jumapili, wiki zote tano, nimesema amekula.

Jumamosi dada yangu alikuja akaona kovu.

"Wewe umegombana na Nairobi yote, sasa umebaki kugombana na nyoka?"

Kisha akainama kwenye kasha, akautazama mdomo wa Shosho.

"Huyu anakufa. Mwambie mtoto. Jumapili ikipita hujamwambia, mimi nitampigia."

Nikimwambia, atatuma mtu, Shosho ataondoka, na mwanangu hatakuwa tena na sababu ya kupiga namba yangu. Nisipomwambia, nyoka atafia mikononi mwangu, naye atajua nilimdanganya ili niisikie sauti yake. Najua mtasema niombe msamaha. Nimejaribu. Naandika, nafuta. Kila ninachoandika kinageuka kuwa hoja, na kufika mstari wa tatu tayari ninajitetea.

Nyinyi wenye watoto walioacha kuzungumza nanyi, mkapata njia ya kurudi kwao, nisaidieni. Siulizi habari ya nyoka. Sentensi ya kwanza mliyosema ilikuwa ipi?