Jiwe Likianza Kupumua

Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu wa miaka minne, na Bi mkubwa jirani yetu. Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha. Nilikuwa nimeacha chuo cha Kurani na skuli, baba na mama wameshatangulia. Ami, ndugu yake baba, alikuwa amesema: likitokea jambo baya moja tu kwa watoto hawa, mmoja ataenda Wingwi kwa shangazi, mwengine Chake Chake.

Siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, tulikwenda kuchokoa pweza penye jiwe kubwa, pana juu, jembamba chini. Mama alikuwa akisema kuwa alipoolewa pale, jiwe hilo lilikuwa limeungana na ukuta wa pwani kwa daraja la mawe, watu wakipita chini yake. Mawimbi yalilila daraja hata likaanguka. Baina ya jiwe na ukuta ukabaki mfereji, na mle ndimo maji yanamojaa kwanza, mbele upande wa bahari kungali kukavu. Jiwe lina tundu. Maji yakiingia chini, tundu huvuta na kutoa pumzi. Jiwe likianza kupumua, kila mtu hupanda ukutani.

Niliwaweka watoto kivulini chini ya jiwe, walinde pakacha.

"Dada, linapumua!" mdogo wangu akaita.

"Nalisikia. Huyu mmoja tu."

"Huyo mmoja wako ni wa tatu sasa!"

Pweza alikuwa ameng'ang'ania fimbo yangu. Bi mkubwa, keshapanda ukutani, akapiga kelele: "We mwana, pweza huyo amekuposa? Watoto!"

Nilipogeuka, mfereji ulikuwa umejaa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amemweka kitinda mimba wetu mabegani. Bi mkubwa akavua kanga yake ya kichwani, akaifunga na yangu niliyomwachia, akaturushia ncha. Niliingia hadi kifuani. Tukavutwa mmoja mmoja, na jiwe likaichana kanga yake toka pindo hadi pindo.

Jioni Ami akamuuliza: "Bi, kanga imefanyaje?"

"Imenasa mwibani."

Sijapata kumsikia akisema uongo kabla yake wala baada yake.

Nilipopata uwezo nilimpelekea doti mpya ya kanga. Aliipokea akicheka. "Kanga umelipa, mwanangu. Mwiba bado."

Alikufa hajaniambia unalipwaje. Wadogo zangu wamekulia nyumba moja, nami humwombea kila Ijumaa, na mwiba ule bado nadaiwa.