Hakuna Aliyemrushia Ustadhi

Nyuma ya nyumba yetu hapa Mpendae kuna banda la kikundi cha vijana. Kila Jumamosi baada ya laasiri Bi Salhiya huja kutuchezesha. Hutoka moja kwa moja Mji Mkongwe, kutandika vitanda vya wageni hotelini, na akifika huvua viatu kwanza, akakaa kitako. Halafu huinuka kwa tabu. Anasema vijana siku hizi wanakaa pamoja kila mmoja na simu yake, lazima wachezeshwe ndiyo wazoeane. Mie skuli niliacha darasa la tano, maneno mengi sina, lakini kutazama natazama.

Niliyemtazama zaidi ni Msabah. Ni kijana wa ishirini na mbili, ila mtaani hapana aliyekuwa akimwita Msabah. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, macho yakamwishia, na Msabah akakalia jamvi la baba yake hata ndevu hazijaota. Tangu hapo ni Ustadhi. Muuza mikate humwita Ustadhi. Wenzake aliocheza nao gololi wakimwona huzima sigara. Alfajiri anasomesha, mchana anabeba mifuko ya saruji dukani, magharibi anasomesha tena. Sauti imemkwaruza. Ukimsalimia anakuitikia vizuri, lakini macho yanataka kulala.

Siku Msabah aliyokuja bandani mara ya kwanza, Mkadam, mmoja wa vijana wetu, alizima muziki wa simu haraka. Mie nilikuwa nafagia karibu na mlango.

"Bi Salhiya, nataka kucheza tu," Msabah akasema. "Usinipe kazi ya kuomba dua."

"Karibu, baba. Hapa hapana ustadhi wala mwanafunzi."

Nusu ya waliokuwamo walikuwa wanafunzi wake. Bi Salhiya hakulijua hilo.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Tunasimama duara, wasichana upande huu, wavulana ule. Kushikana mikono haiwezekani, kwa hiyo Bi Salhiya ameshona mpira wa mashuka makuukuu. Mwenye mpira anamwita mwenzake kwa jina lake tupu, yule anaitika "naam", anarushiwa. Mpira ukaenda kwa Tahiya, kwa Mkadam, kwa Mudrik, ukazunguka banda zima. Kwa Msabah haukufika. Si kwamba walimchukia. Mtu aliyekufundisha alifu, utamwitaje kama unamwita mdogo wako? Mudrik alijaribu, "Ustadhi Msa..." Bi Salhiya akamkatiza, "Jina tupu." Mudrik akamrushia mwengine.

Msabah alikuwa ameinyoosha mikono. Jumamosi iliyofuata aliinyoosha tena. Ile ya baadaye akaja kumwambia Bi Salhiya, "Leo ndiyo mwisho wangu. Nimechoka kusimama kama mlingoti."

"Wanakuheshimu, Msabah."

"Najua. Wananiheshimu tangu mtoto. Sina hata mtu wa kunitania."

Bi Salhiya akajikanda kiuno. "Nikikurushia mie haitafaa kitu. Mie mkubwa wako. Haya, kasimame. Mara hii tu."

Akasimama, mikono kaiacha ikining'inia. Mpira ukamfikia Tahiya. Huyu ana mdomo, lakini akikutana na Msabah njiani huvuta ushungi akapita kando. Akabaki nao mpira.

"Rusha wewe," Mkadam akasema, "au unautia chumvi usioze?"

"Nyamaza. Nnatafuta ujasiri."

Akatazama chini. "Msabah," akasema. Akainua uso. "Msabah, ulinifinya sikio Yasini nzima. Kamata."

Mpira ukampiga kifuani, ukaanguka.

"Lo, Msabah hajui kudaka," Mkadam akasema, kisha akajishika mdomo.

"Naam," Msabah akaitika, mpira uko chini zamani. "Naam, nimesikia. Na wewe Mkadam, Yasini mpaka leo hujaimaliza."

Watu wakacheka. Msabah naye akacheka, akakaa kitako pale pale kwenye vumbi, akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe watoto wa chuo walikuwa wamejaa dirishani wakichungulia. Baada ya magharibi nilimpeleka mdogo wangu chuoni, nikakaa nyuma. Jaku, mdogo wake Tahiya, akainua msahafu wake. "Msabah, nshamaliza."

Watoto wote wakageuka kumtazama. Bakora ilikuwa juu ya jamvi. Mzee, baba yake Msabah, aliyekuwa kakaa mlangoni na macho yake yasiyoona, akageuza uso.

"Nani huyo anayekuita hivyo?"

Msabah akaitazama bakora, akamtazama Jaku. Uchovu ulishamrudi usoni.

"Mwanafunzi wangu, baba," akasema. Kisha akamgeukia mtoto. "Naam, Jaku. Lete nikusikilize."

Mzee akaendelea na tasbihi yake.

Jumamosi iliyofuata Msabah alichelewa, akaja na vumbi la saruji kichwani. Mkadam akamwita, akamrushia mpira hata viatu hajavua.