Ugali Kwanza, Jalada Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mugumu, sikukabidhiwa kompyuta wala mhuri. Mkurugenzi alinikabidhi sufuria. Shirika letu liliwaunganisha mawakili wa maslahi ya umma wa Tarime na Serengeti, wale wanaotetea wasio na uwezo bila malipo, nami niliajiriwa kuwa mratibu wao. Nilikuwa nimeacha ukarani wa mahakama kwa ajili ya kazi hiyo, na ile sufuria iliniudhi.

"Mama, mawakili ni majogoo," Mkurugenzi alisema. "Kila mmoja anataka kuwika peke yake. Hapa hakuna kufungua jalada kabla ya kula. Ukishakula na mwenzako, unaona aibu kumficha jambo."

Nilidhani amekosa tu fedha za semina.

Kazi yenyewe ilikuwa kupanga vikao, kugawa mashauri na kuchunga mgongano wa maslahi, yaani wakili asije akatetea pande mbili za ugomvi mmoja. Lakini mawakili wawili kumtetea mtu mmoja kwa maneno yanayopingana, hilo hakuna aliyenifundisha.

Lilinikuta kwa Bhoke wa Nyanungu. Bhoke aliolewa kwa mila ya nyumba ntobhu: mama mzee asiye na mtoto wa kiume humtolea binti ng'ombe, naye binti huzaa watoto wa nyumba ile. Yule mama mzee aliyemuoa alipofariki, ndugu wa ukoo wakaja na kamba za kupimia shamba. Walisema Bhoke alikuwa mtumishi tu, afungashe aondoke na watoto wake.

Siku ya kikao, wakili wa Tarime, kijana anayejiamini kweli kweli, alisimulia shauri lake huku anamega tonge. Hakutaja jina, maana siri ya mteja ni siri.

"Nimeandika kwamba ni mke wa marehemu. Nimeshafungua kwenye Baraza la Ardhi."

Wakili wa Mugumu, dada mmoja mpole, akaacha kula. "Huyo mama anatembea na fimbo ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Basi ni mteja wangu pia. Alisema wakili wake wa kwanza amekaa kimya, akadhani ametupwa. Kiapo chake kiko mkobani, kesho nakipeleka. Nimeandika shamba alipewa zawadi."

Mfa maji haachi kutapatapa. Lakini maelezo mawili yanayopingana yangemfanya Bhoke aonekane mwongo. Tena sheria haitambui mwanamke kumuoa mwanamke, na zawadi ile haikuwa na shahidi. Niliogopa, nasema kweli. Watoto wale wangelala wapi?

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema kijana.

"Mura, kijana wangu, umeanza nini, mbio?" nilimwambia. "Nawa mikono, mkae."

Walibishana mpaka masufuria yakakauka. Kisha dada akauliza, "Hivi, ng'ombe walitolewa mbele ya nani?"

Hapo njia ikaonekana. Ng'ombe walitolewa ili watoto wawe wa nyumba ile. Basi shamba ni urithi wao, na mama yao hawezi kufukuzwa. Kijana akarekebisha hati yake ya madai. Dada akakiacha kile kiapo mkobani, akaenda Nyanungu kuwatafuta wazee wa iritongo, baraza la mila, waliokula sherehe ya ng'ombe wale. Wazee walikuja mbele ya Baraza la Ardhi, wakasema walichokiona, na Bhoke akashinda, akabaki shambani kwake.

Mkurugenzi alipopata habari alinipigia simu. "Unaona, mama? Semina ya nini?"

Sasa nimestaafu, nipo kwetu Ikoma. Vijana mnaoanza mna makundi ya simu, na ni mazuri, lakini simu hainawishi mtu mikono. Naishukuru kazi ile, namshukuru Mkurugenzi, na sufuria yake naishukuru zaidi.

Siku ya kuniaga, Bhoke alikuja na fimbo yake, akaniamkia shikamoo, akatua unga wa ulezi wa shamba lile. Wakili wa Tarime akavua koti, akasema leo anasonga yeye. Ugali ulijaa mabonge. Tuliumaliza wote.