Dole Nililozibia Gesi

Wewe unayenisikiliza, hasa kama ni fundi mwenzangu wa majokofu na viyoyozi, kaa nami kidogo. Naona haya kulisema jambo hili, lakini nitalisema lote.

Nimefanya kazi hii Tanga miaka mingi. Mafundi wengi tuna mtindo wetu: ukilegeza bomba unaziba tundu kwa dole gumba, na gesi inavyosukuma ndivyo unavyojua imebaki kiasi gani. Tunajisifia hilo. Tena mimi nilikwenda mafunzoni, nikarudi na mashine ya kunyonyea gesi na mtungi wake, nikawa nawafundisha wengine kwamba gesi haimwagwi hewani.

Siku hiyo nilikuwa Kigombe, kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki. Mashine nilikuwa nayo garini. Bi Saumu, mwenye chumba, akaniuliza mbona siishushi. Nikamwambia ile ni ya kufundishia. Nikafunga mlango ili baridi isipotee, nikapiga magoti, nikalegeza nati, nikaweka dole.

Gesi ilitoka kwa nguvu, ikiwa bado majimaji. Dole liliuma kama limeshika kaa la moto, kisha likaacha kuuma kabisa. Likawa jeupe na gumu kama mshumaa. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, na mimi nilikuwa huko huko chini. Masikio yakavuma, macho yakaingia giza.

Bi Saumu aliona kimya kimezidi. Alifungua mlango akaniburuta hadi uani. Nilipozinduka nilikuwa nimetapika na kujikojolea, wachuuzi wa samaki wamenizunguka.

Hospitali nilidanganya. Nilisema nimemwagikiwa na chai. Daktari akalibonyeza dole, akaniangalia.

"Baba, chai haifanyi hivi. Ukinificha nitatibu kisichokuuma, na kidole kitaondoka."

Mke wangu alikuwa amesimama pale. Nikasema kweli, macho yangu yakiwa sakafuni. Mke wangu akauliza taratibu, "Si ndicho unachowakataza wenzio?"



Dole liliwekwa kwenye maji ya uvuguvugu, na hapo ndipo maumivu yalipoanza. Likatoka malengelenge ya damu, ncha ikawa nyeusi, ukucha ukang'oka. Kwa wiki kadhaa mke wangu alinifunga vifungo vya shati. Ncha ilikatwa. Sehemu iliyobaki inashika spana, ingawa haisikii moto wala baridi.

Niliporudi kufundisha, fundi mmoja aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu Dole." Wakacheka. Nikaitikia marahaba, nikawaonyesha dole, nikawasimulia kama ninavyokusimulia wewe. Kicheko kilikwisha chenyewe.

Namshukuru Mungu, na Bi Saumu, na daktari aliyekataa uongo wangu. Nawe hujachelewa, ndugu yangu. Mtindo huu unaachika.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, acha mlango wazi, vaa glavu na miwani, unganisha mashine na mtungi wake, na usishike spana mpaka geji inayopima msukumo wa gesi ishuke chini ya sifuri na kutulia hapo.